KUITAZAMA NEVA KWA MWANGA NA SAUTI

Mtu akijigonga upande wa ndani wa kiwiko, ganzi kali humpiga mpaka kwenye kidole cha mwisho. Kilichoguswa si mfupa, bali ni neva ya alna, ipitayo hapo karibu sana na ngozi. Neva hiyo ni mojawapo ya zile zinazoshambuliwa mara kwa mara na bakteria wa ukoma: hunenepa, mkono hupoteza hisia, na hatimaye vidole hujikunja. Dawa mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huwaua bakteria hao. Lakini neva iliyokwisha kuharibika kabisa haiponyeki kwa dawa hizo. Kwa hiyo ni muhimu kuitambua mapema neva iliyo hatarini, tena bila ya kuipasua ngozi.

Ugumu wa Kazi

Picha ya eksirei hubainisha mifupa, si neva. Ultrasaundi huweza kuonyesha neva iliyonenepa, ila hutegemea mwangwi, na mwangwi wa neva huweza kufanana na ule wa kano. Mwanga nao hutofautisha vitu kwa jinsi vinavyoufyonza. Lakini ukiingia mwilini hutawanyika, na baada ya kina cha milimita moja hivi hauwezi tena kutoa picha kali. Je, haiwezekani kuunganisha ubora wa njia hizi mbili?

Kanuni Yenyewe

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kwamba mwanga wa jua unaokatizwa-katizwa upesi hukifanya kitu kinachoufyonza kitoe sauti. Leo badala ya jua hutumika leza, inayotoa mwanga kwa vipindi vya sehemu chache za bilioni za sekunde. Tishu inayoufyonza mwanga hupata joto kidogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Hutanuka ghafula, na mtanuko huo huzaa wimbi la sauti lisilosikika kwa masikio. Sauti haitawanyiki mwilini kama mwanga, hivyo hufika kwenye kipokezi juu ya ngozi na kueleza ilikotoka.

Chukua mfano. Sauti husafiri katika tishu laini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Ikiwa imefika baada ya sehemu 13 za milioni za sekunde, basi:

kina = 1,540 × 0.000013 = mita 0.02, yaani sentimita 2.

Muda wa mwanga kuingia hauhesabiwi, kwa kuwa ni mdogo mno.

Rangi ya Neva

Neva nyingi zina nyuzi zilizovikwa ala ya mayelini, yenye mafuta mengi. Mafuta hufyonza vizuri mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,210 hivi, na zaidi ule wa 1,720. Hemoglobini ya damu hujitokeza katika mawimbi mafupi zaidi. Kwa kubadilisha urefu wa wimbi, neva na mishipa ya damu huweza kutenganishwa. Hata hivyo, mafuta ya kawaida yanayoizunguka neva hutoa sauti pia, na maji ya mwilini hupunguza kina cha mwanga.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana. Melanini ya ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujafika ndani, hasa katika mawimbi mafupi. Chombo kilichopimwa kwa watu wenye ngozi nyeupe tu hakiwezi kuaminiwa kwetu bila ya kupimwa upya. Kwa neva, njia hii ingali katika hatua ya utafiti. Wakati wa kudai vipimo hivyo ni sasa, kabla vyombo havijaenea hospitalini.

Mazoezi

1. Sauti imefika baada ya sehemu 20 za milioni za sekunde. Tafuta kina.
2. Kwa nini ultrasaundi ya kawaida ingehitaji muda mara mbili kwa kina hicho hicho?