Mtoto wa Wimbe

Ukitoka Kamina na kuvuka Zambia kuelekea mashariki, unafika nchi ya Malawi. Huko nako watu hula bukari ya mahindi kama hapa, ila wao huiita nsima. Mahindi yakikosa, nyumba nzima inalala na njaa.

Karibu na Wimbe, upande wa Kasungu, alikulia William Kamkwamba, aliyezaliwa mwaka 1987. Baba yake alilima mahindi na tumbako. Watoto walikuwa saba: William na dada sita. William alipenda kufungua redio zilizoharibika ili aone sauti inatoka wapi. Nyingine zilipona mikononi mwake, nyingine zilikufa kabisa.

Alipomaliza shule ya msingi alitumaini kuitwa shule kubwa. Akapewa Kachokolo, shule ya karibu, maskini. Hilo lilikuwa sikitiko la kwanza, tena dogo. Mvua nyingi na ukame vilikuwa vimeharibu mashamba, na mwisho wa mwaka 2001 njaa ikaingia. Watu wengi walikufa. Kwa akina William walikula mara moja tu kwa siku, matonge machache kila mtu. Basi baada ya majuma machache shule ilidai malipo, na baba hakuwa na kitu. Akamwambia mwanawe ukweli: fedha hazipo. Mtoto akarudi shambani kulima na baba.

Ni nani aliyeumia zaidi? Mtoto huona wenzake wakipita njiani na madaftari. Lakini baba huwaona pia, na tena humwona mtoto.

William hakutaka kuachwa nyuma. Akaenda kuazima vitabu katika maktaba ya shule ya msingi ya Wimbe. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alianza na picha, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyoandikwa chini yake. Katika kitabu kimoja aliona kinu cha upepo kinachotoa umeme.

Kazi yake ni hii. Upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha gurudumu, na gurudumu linazungusha dinamo, kama ile inayowasha taa ya baiskeli usiku. Ndani ya dinamo sumaku inazunguka karibu na waya wa shaba (shaba kama ile ya Kolwezi), na umeme unapatikana.

William aliokota vyuma vilivyotupwa: feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Watu walimcheka. Mama yake mwenyewe aliogopa kwamba mwanawe ameingiwa na wazimu. Baba alisita, mwisho akampa baiskeli yake mbovu. Mwaka 2002 kinu kilisimama juu ya mnara wa miti, upepo ukavuma, taa ikawaka. Baadaye ziliwaka taa nne nyumbani, na redio mbili zikasema.

Lakini taa haikulipa shule. William alikaa karibu miaka mitano bila darasa. Magazeti yalipoandika habari zake mwaka 2006, na alipoitwa Arusha, Tanzania, mwaka 2007 kusimulia kazi yake, watu walimsaidia kurudi. Aliketi na wanafunzi wadogo kuliko yeye. Mwaka 2014 alimaliza masomo ya chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani.

Maulizo: Kwa nini William alifukuzwa shule? Eleza jinsi dinamo inavyotoa umeme. Kwa nini baba alisita kabla ya kutoa baiskeli?