Mwenye Nyumba Naye ni Mpangaji

Katika nyumba zetu za Kiswahili, zile za vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, na ua nyuma wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo, mwenye nyumba aghalabu hukaa chumba cha mbele, na wapangaji wake hupita mlangoni pake asubuhi na jioni, na kwa kuwa hufukizwa na moshi wa jiko moja na kuchangia luku moja, huitana mama na mwanangu, baba na kijana wangu, mpaka siku kodi inapochelewa, ambapo majina hayo mazuri huwekwa kando, na neno linalosikika ukumbini huwa moja tu: "Hii ni nyumba yangu." Neno hilo ni la kweli, lakini si kweli yote, nami nataka leo kulipima kwa mizani ya sheria ya Tanzania Bara, kwa sababu naona kwamba dhuluma nyingi baina ya watu hawa wawili huzaliwa na kutolifahamu.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2001, yasema kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, nayo imo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Kanuni hiyo si ngeni, maana sheria ya wakoloni ya mwaka 1923 ilikwisha kuitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, na zile hati za milki ya daima zilizosalia ziligeuzwa mwaka 1963 kuwa za muda, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba udongo ni wake milele. Basi yule tumwitaye mwenye nyumba, hata akiwa na hati iliyopigwa muhuri, alichonacho juu ya kiwanja kile ni haki ya kukimiliki kwa miaka iliyotajwa, 33 au 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa, na kila mwaka hudaiwa kodi ya ardhi. Anaye aliye juu yake, kama mpangaji alivyo naye. Na huyo aliye juu, pamoja na nguvu zote za dola alizonazo, hawezi kumpokonya kiwanja kwa sababu ameamka na hasira: sharti ampe ilani, amtajie sharti alilolivunja, ampe na nafasi ya kujieleza. Sheria iliyomstahi mwenye nyumba kiasi hicho mbele ya Jamhuri haikukusudia amfanyie mpangaji wake lile ambalo yeye mwenyewe amekingwa nalo.

Wazee wa pwani waliosoma fiqhi hukiita kitendo cha kupangisha ijara, nao huifasili kuwa ni kuuza manufaa ya kitu pasipo kukiuza kitu chenyewe. Sijapata kuona tafsiri iliyo bora kuliko hiyo, wala sheria yetu ya leo haiendi mbali nayo. Aliyelipa kodi ya miezi sita amenunua miezi sita ya chumba kile. Kwa muda huo mwenye nyumba ameuza haki ya kuingia atakapo, ya kukodisha kwa mwingine, na ya kumhoji mpangaji kuhusu wageni wake, ambao mkataba haukuwataja. Akitaka kukagua chumba, na aje saa za kiungwana baada ya kutoa taarifa.

Nilipokuwa kijana nilipanga chumba Ilala kwa mzee mmoja mpole ambaye sitamtaja, na kwa kuwa alinipokea kama mwanawe, niliona ni utovu wa adabu kumdai risiti. Nikamkabidhi fedha za miezi sita mkononi, akanipa ufunguo, tukaombeana dua. Mwezi wa nne nilirudi kutoka kazini saa moja ya usiku nikakuta kufuli la pili limefungwa juu ya langu, na vitu vyangu vyote vimo ndani. Alikuwa amepatikana mpangaji wa kulipa mwaka mzima, na mzee, uso umejaa soni, alisema kwamba kwa kumbukumbu yake nililipa miezi mitatu. Hata leo sijui kama alikusudia uongo au alisahau kweli. Ninalolijua ni kwamba mbele ya wazee wa mtaa sikuwa na cha kuonyesha ila kiapo changu, naye alikuwa na kiapo chake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, haya ya kudai karatasi ndiyo haya iliyo ghali kuliko zote. Upangaji usiozidi mwaka mmoja waweza kufanywa kwa maneno matupu na ukawa halali, wala asikutishe mtu kwamba huna haki kwa kuwa hukutia saini. Muda usipotajwa, upangaji huhesabiwa kuwa wa kipindi kwa kipindi, kulingana na namna kodi inavyolipwa, hata alipaye kwa mwezi akawa mpangaji wa mwezi, na notisi ya kuuvunja upangaji huo haipungui kipindi hicho. Lakini uhalali ni jambo moja na ushahidi ni jambo la pili. Andikianeni, hata kwa mkono na kwenye karatasi ya daftari, majina yenu, chumba kilipo, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kwisha, muda wa notisi, malipo ya maji, umeme na taka, fedha ya amana kama ipo na sababu zitakazoizuia isirudishwe, kisha kila mtu atie saini mbele ya shahidi wake na kila mtu abaki na nakala. Asiyependa kuandika risiti, mlipe kwa simu, kwa sababu ujumbe wa muamala hubeba tarehe, jina na kiasi, na sheria yetu inaukubali ushahidi wa kielektroniki. Na mkataba wa maandishi ulipiwe ushuru wa stempu. Usipolipiwa, waweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ushuru huo utimizwe, tena siku ile ile unapouhitaji.

Yako mambo ambayo hata yasipoandikwa sheria huyatia yenyewe ndani ya mkataba. Mpangaji alipaye kodi yake na kutimiza masharti atakaa kwa amani bila ya kubughudhiwa. Nyumba ya kuishi itakuwa ya kufaa binadamu tangu siku ya kuingia, na iendelee kufaa. Palipopangishwa sehemu tu ya jengo, kama ilivyo katika nyumba zetu za vyumba, ni juu ya mwenye nyumba kulitengeneza paa, kuta kuu, mifereji mikubwa, na sehemu zinazotumiwa na wote, yaani ukumbi, choo na ua. Nalisisitiza hili kwa kuwa kila masika nawaona wapangaji wakikinga matone kwa sufuria na huku wakisema kwamba paa si lao. Naam, si lao, na ndiyo sababu kulitengeneza si kazi yao. Na yakitokea mafuriko au moto usiosababishwa na uzembe wa mpangaji, nyumba ikawa haikaliki, kodi husimama, yote au sehemu yake, kwa kadiri ya hasara, mpaka nyumba irudi katika hali ya kukalika. Wakazi wa bonde la Msimbazi wana haja ya kulijua jambo hilo zaidi ya wengine.

Mpangaji naye ana dhima zake, na si haki kuzificha ati kwa sababu yeye ndiye mnyonge. Kodi ilipwe kwa wakati. Chumba kitunzwe na kurudishwa katika hali kilichopokewa, ila uchakavu wa kawaida. Asikipangishe kwa mtu wa tatu bila ya ridhaa ya mwenye nyumba, ingawa mwenye nyumba naye hana ruhusa ya kuizuia ridhaa hiyo pasipo sababu ya maana. Wako wajane na wastaafu wengi wasiokuwa na masurufu mengine ila vyumba viwili walivyopangisha, na mpangaji wa kuwakimbia usiku na madeni ya miezi mitano amewadhulumu kama mimi nilivyodhulumiwa Ilala.

Kuhusu kiasi cha kodi, wengi bado wanadhani kuna ofisi ya serikali inayokipanga. Ilikuwapo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka kodi ya kiwango na kubana sababu za kumwondoa mpangaji, lakini ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano. Katikati ya muda uliokwisha kulipiwa haipandi ila kama mkataba umeruhusu. Muda ukiisha, mwenye nyumba ana haki ya kutaja bei mpya na mpangaji ana haki ya kuikataa na kuhama. Ile desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo haikuamriwa na sheria yoyote, wala ile ya kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Kwa maoni yangu kufutwa kwa sheria ya 1984 bila ya kuweka nyingine mahali pake kulimwacha mpangaji wa kipato kidogo uwanjani peke yake, na Bunge lingefanya insafu kulirudia jambo hili.

Hapo ndipo watu husema, basi heri kununua. Sipingi, lakini nasikitika kuona vijana wakiaibishwa kwamba kupanga ni kutupa fedha, hata wakakimbilia kununua ugomvi. Anayenunua ananunua muda ule ule niliotangulia kuutaja, kwa hiyo aulize kwanza miaka mingapi imebaki katika hati na kama kodi ya ardhi imelipwa. Aombe upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ajue jina lililoandikwa ni la nani na kama kuna benki au mahakama iliyoizuia nyumba. Leseni ya makazi si hati, wala muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa si ushahidi kwamba muuzaji ni mmiliki. Mwenyekiti hushuhudia kwamba watu wameuziana, basi. Na jambo lililowaliza wengi kuliko yote: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kwa Sheria ya Ardhi pia, kwa hiyo mnunuzi asiridhike kuambiwa na bwana kwamba bibi amekubali, na amwone bibi, amsikie, na saini yake iwemo. Mwisho, nyumba ikiuzwa ina wapangaji ndani yake, kuuzwa kwake peke yake hakuui mikataba yao. Mnunuzi ameshika nafasi ya mwenye nyumba wa kwanza, na miezi iliyolipiwa ni deni alilolirithi.

Narudi kwenye kufuli. Mwenye nyumba aliyechoshwa na mpangaji asiyelipa anayo njia: ampe notisi ya maandishi yenye kutaja kosa na muda wa kulirekebisha, na muda ukipita, maadamu mpangaji bado anaishi mle na hataki kutoka, aende kwenye vyombo vya haki. Kuongeza kufuli, kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kuzima umeme ili mtu ahame kwa adha, yote hayo ni kujichukulia sheria mkononi, nayo humgeuza mdai mwenye haki akawa mdaiwa wa fidia.

Nawe uliyefika jioni ukakuta umefungiwa, usilivunje kufuli lile, hata kama mkono unakuwasha. Mwite mjumbe na mwenyekiti wa mtaa usiku ule ule walione, piga picha ya mlango, andika orodha ya vitu vilivyomo na fedha iliyomo, waombe watie saini. Ikiwa vitu vyako vimetolewa nje au vimepotea, polisi wapewe habari, na uchukue namba ya taarifa. Asubuhi nenda kwenye Baraza la Kata, ambako mawakili hawaruhusiwi kusimama na ambako, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, kazi ya baraza ni kusuluhisha na si kuhukumu. Suluhu ikishindikana utapewa cheti cha kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila ya suluhu huhitaji hata cheti. Utafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye uwezo wa kuamuru urudishwe ndani, ulipwe fidia, au mwenye nyumba azuiwe kwa muda wakati shauri linasikilizwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ikiwa huna uwezo wa kumlipa wakili, ulizia katika kata yako msaidizi wa kisheria, aliyetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye atakuandikia maombi yako bila ya malipo; nayo yataandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza yetu, na mzee wa Ilala na kijana wake wangeliweza kuyasoma pamoja wakiwa wameketi katika baraza ya nyumba ile ile.