KIJANA, UMEJENGA JUU YA NINI?

Somo: Msingi usiotikisika
Soma: Mathayo 7:24-27, 1 Wakorintho 3:11

Mpendwa kijana wa Kawajense! Pengine karatasi hii umepewa njiani ukienda sokoni, au umesimama pembeni ya mkutano wa Injili unasikiliza muziki tu. Hukuja kuokoka. Hata hivyo usiitupe. Isome mpaka mwisho, maana inahusu maisha yako.

Jibu swali moja: maisha yako umeyajenga juu ya nini?

1. NYUMBA MBILI, MVUA MOJA

Yesu alisimulia habari za wajenzi wawili. Mmoja alijenga juu ya mwamba, mwingine mchangani. Mvua haikuchagua, iliwanyeshea wote wawili. Nyumba moja ikabaki, nyingine ikaanguka.

Jambo hili unalijua vizuri. Umeona nyumba ya tofali mbichi iliyopandishwa haraka haraka kiangazi, bila msingi wa mawe. Mwezi wa nane inapendeza, imepakwa na rangi. Ngoja masika! Maji yanakula chini taratibu, na usiku mmoja ukuta unalala. Kiangazi kila nyumba ni nzima. Msingi unajulikana mvua ikija.

Angalia tena: wajenzi wote wawili wanafanana na watu waliosikia maneno ya Yesu. Tofauti yao ni kutenda. Kwa hiyo ukisema, "Mbona hata walokole wengine wanaanguka?" jibu ni hilo. Wapo wanaosikia bila kutenda, na Yesu aliwataja mapema. Usijifiche nyuma yao.

2. MISINGI INAYOANGUKA

(a) Fedha. Unasema, "Nikipata hela, nimemaliza." Je, unajua kwa nini reli ilifika Mpanda? Njia ile ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa katika miaka ya 1950. Watu walikuja kutoka mbali kutafuta kazi, na mji ukachangamka. Lakini ilipoanza miaka ya 1960 uchimbaji ule mkubwa ulikuwa umesimama. Reli ipo, ila mali iliyoileta ilikwisha! Kufanya kazi si dhambi, na kutafuta dhahabu si dhambi. Lakini shimo likikauka, wewe utabaki nani?

(b) Starehe. Utafiti wa afya uliofanyika nchini mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mkoa wetu wa Katavi uliongoza Tanzania kwa mimba za umri mdogo. Katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, kama 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Dada, sikuandikii haya ili nikuhukumu. Wengine walidanganywa, wengine walilazimishwa, na Yesu hakumfukuza mwanamke yeyote aliyemjia akilia. Nawe kaka, usicheke. Mimba hizo zina baba. Ulimwambia unampenda; mvua ilipoanza ulikuwa wapi? Mapenzi yanayokimbia mzigo ni mchanga mtupu.

(c) Hirizi na waganga. Unavaa kitu kiunoni upate kazi, upate mpenzi, adui asikuweze. Kama kina nguvu, mbona bado unaogopa usiku? Msingi wa kweli huondoa hofu.

3. MSINGI ULIODUMU

Sasa njoo Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ndani ya mkoa wetu huu huu. Mwaka 1879 Wabelgiji walianzisha kituo pale. Mwaka 1885 wakaondoka, kituo kikaachwa mikononi mwa wamisionari.

Mwaka 1889 alifika pale kijana Mwafrika, Adriano Atiman. Huyu alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger. Akiwa mtoto aliibwa na kuuzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa, akasoma utabibu kule Malta. Angeweza kuishi na uchungu moyoni hadi kufa. Badala yake alikuja Karema, akatibu wagonjwa na kufundisha neno la Mungu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67! Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza wakaingia, vita viwili vya dunia vikapita, naye yupo pale pale na wagonjwa wake.

Sikuambii habari hizi ili ufuate dhehebu fulani. Nakuuliza: mtu aliyeuzwa kama mbuzi alipata wapi nguvu ya kuwahudumia wengine maisha yake yote? Alikuwa na msingi ambao muuza watumwa hakuweza kuung'oa.

4. MSINGI WAKO NI MSINGI WA JAMII

Kila mtu analalamika: dunia imeharibika! Lakini jamii ni nini kama si mimi na wewe? Sheria ni nzuri, ila polisi hawezi kukaa kwenye kila mzani sokoni, wala hakimu hawezi kulala kwenye kila nyumba. Kristo akiingia moyoni, mfanyabiashara hapunji hata kama hakuna anayemwona. Mume harudi na ngumi. Kijana anamwona binti wa jirani kama dada yake. Nyumba moja ikisimama, mtaa unapata pa kushika.

5. UFANYE NINI?

Usiseme, "Nitaokoka nikizeeka." Msingi hauchimbwi siku ya mafuriko! Kubali kwamba umekosa. Amini kwamba Yesu alikufa kwa ajili yako na akafufuka (Warumi 10:9-10). Kisha omba hivi kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, nimejenga mahali pabaya, na mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu, uwe msingi wa maisha yangu. Nipe Roho Mtakatifu, nitende yale ninayosikia. Amina."

Kama umeomba kwa kweli, leo hii anza haya: soma Injili ya Yohana kidogo kidogo kila siku, tafuta kanisa linalohubiri wokovu, na ile deni, ule ugomvi, yule mtoto uliyemkataa, nenda ukatengeneze.

MASWALI YA KUJIFUNZA
1. Mvua gani imekupiga mwaka huu, na ulishika nini?
2. Ni neno gani la Yesu umelisikia mara nyingi bila kulitenda?

Mungu akubariki. Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako!