Tabianchi na Stima: Majibu kwa Mwenye Shaka

Barazani hakosekani mtu wa kunyanyua mkono na kuuliza kama haya mabadiliko ya tabianchi ni kweli au ni maneno ya kutafutia fedha za wafadhili. Wengine huguna, mwenyekiti humpa mwingine nafasi, na swali linaachwa bila jibu. Tunaona hilo ni kosa kubwa. Muulizaji anastahili ushahidi, kwa sababu baada ya swali lake yanakuja mambo yanayogusa mfuko wake na ardhi yake: mtambo gani ujengwe, wapi, na nani alipe.

Tunamwomba jambo moja tu, atenganishe maswali mawili. La kwanza ni kama dunia inapata joto na kwa nini. Hilo limepimwa, na jibu lipo. La pili ni tufanye nini. Hilo haliamuliwi maabara, na ndilo linalohitaji shaka yake yote.

"Ukame ulikuwepo tangu enzi za mababu"

Ni kweli ulikuwepo. Mvua zetu hupanda na kushuka kwa kufuata joto la bahari. Ndivyo ilivyokuwa kwa El Niño ya 1997, na kwa mafuriko ya mwishoni mwa 2019, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida. Hakuna mwanasayansi anayekanusha hayo. Wanachosema ni kwamba juu ya mabadiliko hayo ya kawaida kuna jipya: wastani wa joto la dunia umepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na haujarudi chini.

Kwa nini tuseme ni binadamu, si jua wala volkano? Volkano zote duniani, Oldoinyo Lengai ikiwemo, hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 1 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za watu. Na lau jua ndilo lililozidi, anga lote lingepata joto, la chini na la juu. Vipimo vinaonyesha anga la chini linapata joto huku tabaka la juu, stratosifia, likipoa. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa gesi zinapozuia joto lisitoke. Kaboni dayoksaidi yenyewe imekuwa ikipimwa Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958. Wakati huo ilikuwa sehemu kama 315 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420.

"Mbona wanabishana kuhusu Kilimanjaro?"

Swali hili tunalipenda, maana linaonyesha mtu amefuatilia. Theluji ya Kilimanjaro ilipimwa kwenye ramani ya 1912. Kufikia 2007 eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 85. Wengi walisema moja kwa moja kwamba ni joto la dunia. Kundi la watafiti wa barafu likapinga. Kule juu, zaidi ya mita 5,000, hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote, na barafu nyingi haiyeyuki kuwa maji. Jua huigeuza mvuke hapo hapo. Tena ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ilipokuwa kavu zaidi na theluji mpya ikawa haba.

Wapo waliolichukua pingamizi hilo kama ushahidi kwamba yote ni uongo. Waliolitoa hawakusema hivyo. Walisema mlima huu mmoja una historia yake, na usitumiwe kama kipimajoto cha dunia nzima, huku wakikubali kwamba dunia inapata joto. Kubishana juu ya sababu za mahali pamoja ni kazi ya kila siku ya sayansi. Ukisikia mabishano, uliza wanabishania nini hasa.

"Wazungu walichoma makaa yao, sasa watukataze sisi?"

Hapa mwananchi ana hoja nzito. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na hatuna sababu ya kuona haya kwa kutaka umeme. Lakini tusiache uchungu huo utumiwe kutupitishia mkataba mbovu.

Chukua mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050. Wakati huo matumizi ya juu kabisa ya Kenya nzima hayakuwa yamefika megawati 2,000, na umeme mwingi tayari ulitoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo. Makaa yangeanza kwa kuagizwa kutoka nje. Mkataba ungetaka mtambo ulipiwe hata umeme wake usipotumika, na malipo hayo yangemwangukia anayenunua tokeni. Waliounga mkono walitaja ajira, na Lamu inazihitaji kweli. Wavuvi waliuliza kuhusu maji ya moto yatakayomwagwa baharini, na mikoko samaki wanapozaliana.

Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira jijini Nairobi ilifuta leseni ya mtambo huo iliyotolewa mwaka 2016 na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishaji wa umma. Mikutano ilifanyika kabla ya tathmini kukamilika; watu walielezwa mradi kijuujuu, na ripoti ilipokuwa tayari hawakurudiwa kuulizwa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 nayo haikuzingatiwa.

Nishati safi isipewe msamaha. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye megawati 310, ilisimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kusafirisha umeme ikakamilika 2018, na nchi ikabebeshwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa ucheleweshaji huo. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata sheria. Upepo ni safi. Ardhi ya wafugaji haikushughulikiwa kwa usafi huo.

Mradi ukija kwenu

Kabla ya kuuliza kuhusu ajira, uliza kuhusu malipo: bei ya uniti itakuwa ngapi, kwa fedha gani, na tutalipa nini mtambo ukilala? Kisha ardhi: hati ni ya nani, na walioitumia bila hati watafidiwaje?

Dai ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira yenyewe, si muhtasari wa mdomo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya habari, na cha 42 haki ya mazingira safi. Kama ripoti imeandikwa kwa Kiingereza kisichoeleweka kijijini, ombeni ielezwe kwa Kiswahili kabla ya siku ya maoni. Hakikisha swali lako limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jibu ulilopewa, kisha baki na nakala. Leseni ikitolewa na hukuridhika, rufaa hupelekwa Mahakama Maalumu ya Mazingira ndani ya siku 60. Waliokata rufaa ya Lamu walikuwa wakazi wa Lamu.