SOMO LA WIKI: Konokono wa tangi, kipimo ni kifuniko

WAFANYABIASHARA wa Katindiuka, Ifakara, wenye nia ya kuokota konokono kwenye majaruba ya mpunga na kuwauzia wafugaji wa samaki wa mapambo, wanashauriwa kujifunza kwanza kuwachambua. Mteja anataka konokono wa kusafisha tangi. Ndoo yenye mchanganyiko yaweza kumpelekea kichocho.

Kipimo cha kwanza ni kifuniko. Konokono akijivuta ndani, mlango wa gamba ama huzibwa na kifuniko kigumu, ama hubaki wazi. Wanaoeneza kichocho nchini hawana kifuniko. Bulinus, wa kichocho cha mkojo, ni mdogo. Gamba likishikwa ncha juu, mlango ukimwelekea mshikaji, mlango huo huwa kushoto. Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo, ni bapa mithili ya sarafu. Hao hawauzwi.

Mlango wa kushoto pekee si ushahidi. Lanistes naye anao, ila ana kifuniko. Haenezi kichocho, lakini hula mimea, hivyo mteja mwenye tangi la majani atalalamika.

Anayefaa ni Melanoides: gamba refu, jembamba, mlango kulia, kifuniko kipo. Huchimba mchanga na kula mabaki. Tatizo ni kwamba jike huzaa bila dume. Mteja akishanunua wachache harudi, kwa hiyo biashara hii hutegemea wateja wapya.

Muokotaji avae buti na glavu za mpira, kwani vimelea vya kichocho hupenya ngozi majini. Gharama hiyo iingizwe kwenye mtaji.