SOMO: ALIYEPANDIKIZWA UBOHO AKIANZA KUCHANGANYIKIWA

Huku kwetu magharibi ugonjwa wa selimundu, au siko seli, uko katika nyumba nyingi. Familia zingine hufanya harambee mtoto akapandikizwe uboho India. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Tanzania, nayo huwafanyia watoto wenye ugonjwa huo. Hupewa seli changa, mara nyingi za ndugu yake, zimtengenezee damu mpya. Basi akirudi Kachibora tunadhani kazi imekwisha. Bado!

Kwa miezi mingi kinga ya mwili huwa chini, naye humeza dawa kama saiklosporini au takrolimasi ili zile seli na mwili wake zisipigane. Kumbe dawa hizo hizo zaweza kupandisha presha na kuvimbisha ubongo: kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, anababaika, kisha degedege. Ikigunduliwa mapema, presha ikashushwa na daktari akabadilisha dawa, wengi hupona. Lakini damu ikivuja kichwani dalili zaweza kufanana, hata viini vilivyolala mwilini, kama toksoplasma, vikiamka. Kwa macho tu hata daktari hawezi kuzitenganisha.

Hapo ndipo watu hupotea. Huyu anasema malaria, yule kifafa, mwingine amerogwa. Malaria ipimwe, ndiyo, pamoja na sukari na presha, pale pale hospitali ya Kachibora. Ila rufaa ya Kitale au Eldoret isingoje dawa ya malaria iishe. Huko watapima damu, chumvi zake na kiasi cha zile dawa, halafu kichwa kipigwe picha. Ya CT huonyesha upesi damu iliyovuja; ya MRI huona uvimbe ambao CT yaweza kuukosa.

Kisha maji ya uti wa mgongo. Jamaa wengi hukataa, eti sindano ile inaua. Maji yale ndiyo huonyesha viini vya ubongo. Daktari huangalia kwanza kama damu inaganda vizuri, ndipo adunge. Muulizeni mpaka mridhike, lakini msimtoroshe mgonjwa.

Bebeni karatasi ya hospitali yenye tarehe na majina ya dawa zote. Msisimamishe dawa wenyewe.

Swali la kikao: mgonjwa akishikwa na degedege saa nane usiku, gari ni la nani, na pesa ya mafuta iko kwa nani?