Kutu ya Habu: Pa Kusugua na Pa Kuacha

Kutu inayomkera mwenye gari ni ile anayoiona: duara la kahawia katikati ya rimu ya aloi iliyooshwa ikang'aa. Hiyo kwa kawaida haina madhara. Ya kushughulikiwa imejificha nyuma ya rimu, na wengi hukutana nayo siku ya pancha, nati zote zimeshatoka lakini tairi halibanduki.

Habu ni kipande cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu juu ya beringi, nacho ndicho kilichobeba stadi, zile boliti zinazopokea nati. Uso wake bapa haupigwi rangi nzito, maana diski ya breki na rimu lazima vikae juu yake sawasawa, chuma kwa chuma. Kwa hiyo unabaki wazi kwa unyevu na chumvi. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Huvimba na kusukuma. Utando mwembamba chini ya diski unatosha kuifanya iyumbe, na kwa magari mengi diski kuyumba hata sehemu moja ya kumi ya milimita ni kupita kiasi. Baada ya muda usukani unatetemeka kila ukifunga breki. Unaambiwa diski imepinda, unanunua nyingine, inafungwa juu ya kutu ileile, na mtetemo unarudi. Ukibadilisha diski bila habu kusuguliwa, umelipia nusu ya kazi.

Rimu ya aloi ina balaa lake la ziada. Aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayolika, na unga wake mweupe huziba mwanya wa tundu la katikati hadi rimu inanata kana kwamba imechomelewa. Wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja wanaijua kazi ya upepo wa bahari. Lakini hata wa Dodoma asijione yuko salama: gari lililotumika Japani huenda lilikaa kaskazini, Hokkaido kwa mfano, ambako barabara za majira ya baridi humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Unapoagiza gari, soma karatasi ya mnada. Herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula chuma.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe au magogo kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati kabla ya kuinua, kisha gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Rimu ikigoma, usijipenyeze chini ya gari kuigonga kwa ndani. Rudisha nati zikiwa zimelegea mizunguko miwili, nyunyiza oili ya kulegezea kutu kwenye tundu la katikati, ngoja kidogo, halafu ligonge tairi lenyewe, upande huu na huu, kwa nyundo ya mpira au kwa kuweka ubao kati. Nati zile zitalizuia gurudumu lisikuangukie. Oili isifike kwenye diski wala pedi. Ikifika, safisha kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kwenda popote.

Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo, hasa kwenye gari la zamani. Lilowanishe ulifute kwa kitambaa. Kisha vaa miwani na sugua uso wa habu kwa brashi ya waya, umalizie kwa msasa. Kazi iko kwenye mashina ya stadi, ambako brashi pana haifiki na pete ndogo ya kutu hubaki. Hapo tumia brashi nyembamba. Jiwe la kusagia liache: linachimba chuma, na uso wenye bonde ni mbaya kuliko wenye kutu. Usiukwaruze mpira wa beringi wala waya wa ABS ulio jirani. Geuza rimu usugue na mgongo wake pia, hatua ambayo watu wengi huiruka.

Siki na ndimu huondoa kutu kweli, lakini kwa kipande kilichofunguliwa kikalowekwa, si kwa habu iliyo karibu na beringi. Dawa inayogeuza kutu kuwa nyeusi, pamoja na rangi ya kustahimili joto, ni za ile sehemu inayoonekana tu. Kwenye uso bapa zinaongeza tabaka, nawe umetoka kuliondoa tabaka.

Kinga ni grisi ya kuzuia kunata, iliyopakwa ukingo wa katikati unaoingia kwenye tundu la rimu, nyembamba kiasi cha kuonekana kama kivuli. Kwa aloi, ya seramiki ni bora kuliko ya shaba. Oili chafu ya injini, ambayo gereji nyingi huipaka kila mahali, itarushwa na mzunguko hadi kwenye breki. Nyuzi za stadi zisafishe tu kwa brashi, uziache kavu: vipimo vya kukaza vimewekwa kwa nyuzi kavu, na zikiwa na grisi stadi huvutika kupita kiasi. Kaza kwa mkono kwanza, halafu kwa msalaba. Toyota nyingi ndogo huhitaji Nm 103. Kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho.

Matairi yakibadilishwa nafasi kila kilomita 10,000 hivi, habu hupata nafasi ya kupigwa brashi kabla rimu haijanata. Mwombe fundi wa matairi, ni kazi ya dakika chache. Ukitoka ufukweni au umepita maji ya bahari, suuza chini ya gari kwa maji baridi, halafu endesha kidogo ukifunga breki ili zikauke. Ila ukikuta uso umechimbika mashimo, stadi zimekonda, au gurudumu linacheza ukilishika juu na chini na kulitikisa, weka brashi chini: habu au beringi hiyo ni ya kubadilishwa. Na hata kama kila kitu kilikuwa shwari, pitia nati tena kwa spana baada ya kilomita 50 hadi 100.